Mawe Kama Mashahidi: Umri wa Milima na Amri ya Nane

Kijana anayemaliza kipaimara na kuendelea na masomo hadi chuo kikuu hukutana siku moja na swali ambalo mara nyingi hatukumwandaa kulijibu. Darasani anafundishwa kwamba miamba ya Milima ya Pare na Usambara ilipikwa chini sana ya ardhi miaka milioni 640 hivi iliyopita. Akirudi nyumbani anasikia katika jumuiya kwamba tangu kuumbwa kwa ulimwengu haijapita hata miaka 7,000, na kwamba asemaye vinginevyo anampinga Mungu. Mwalimu wake anamheshimu, na mzee wake wa kanisa anamheshimu vilevile, lakini anaona hawezi kuwaamini wote wawili. Akimwacha mzee, huenda akaliacha na kanisa. Akimwacha mwalimu, anajifunza kuandika kwenye mtihani jambo asiloliamini, na tabia ya kusema hili na kuamini lile haitaishia kwenye mtihani.

Hatutajaribu hapa kumaliza mabishano yote kati ya sayansi na wasomaji wa Biblia. Tunauliza swali moja la maadili: je, Mkristo ana ruhusa ya kukataa ushahidi wa kweli kwa nia njema ya kumtetea Mungu? Ayubu aliwauliza rafiki zake swali linalofanana na hilo. Aliwauliza kama wanaona vema kusema yasiyo haki kwa niaba ya Mungu, akawaonya kwamba Mungu mwenyewe atawakemea (Ayubu 13:7-10). Na mwisho wa kitabu, waliokemewa ni wao.

Kwa hiyo tunaliweka swali hili chini ya amri ya nane kwa hesabu yetu Walutheri, ile inayokataza kumshuhudia jirani uongo. Huenda msomaji akashangaa: mawe yana uhusiano gani na jirani? Tunaomba avumilie kidogo, maana uhusiano upo, na ni wa karibu kuliko tunavyodhani.

Jinsi milima inavyozaliwa

Zaburi ya 90 inasema Mungu alikuwapo kabla milima haijazaliwa. Mwimba zaburi alitumia neno la uzazi, na wanajiolojia wa leo wanaweza kutueleza mengi kuhusu uzazi huo.

Ganda la dunia si kipande kimoja. Limegawanyika katika mabamba makubwa yanayosogea polepole, sentimita chache tu kwa mwaka, karibu sawa na kasi ya kucha za vidole vyetu kuota. Mahali bamba lililobeba sakafu ya bahari linapokutana na bamba jingine, lile lililo zito zaidi huzama chini ya mwenzake. Linapozama hubeba maji yaliyofungwa ndani ya miamba yake. Likifika kina cha kilomita 100 hivi, joto na mgandamizo huyakamua maji hayo. Maji hupanda na kuingia katika mwamba wa moto ulio juu yake, nao huanza kuyeyuka mahali ambapo pasipo maji usingeyeyuka. Ujiuji huo wa moto hupanda, na juu ya nchi hutokea mstari wa volkano. Kwenye ramani mstari huo mara nyingi hujipinda kama upinde, ndiyo maana huitwa tao la volkano. Japani na visiwa vingi vya Indonesia ni matao ya namna hiyo, na volkano za milima ya Andes huko Amerika Kusini zilizaliwa kwa njia hiyohiyo.

Sakafu ya bahari ikiisha kuzama yote, nchi kavu zilizokuwa ng'ambo mbili hukutana na kugongana. Hapo ndipo milima mirefu sana huinuka, kama Himalaya ilivyoinuka baada ya India kuigonga Asia.

Hapa Afrika Mashariki inatupasa kutenganisha mambo yanayochanganywa. Kilimanjaro, Meru na Ol Doinyo Lengai ni volkano, lakini si volkano za tao. Zilitokea kwa sababu ardhi yetu inatanuka na kupasuka katika Bonde la Ufa, nazo ni changa: Kilimanjaro haijafikisha miaka milioni 3. Tena ile safu tunayoiita Milima ya Tao la Mashariki, kuanzia Taita hadi Udzungwa, imeitwa hivyo kwa sababu ya umbo la safu yenyewe, wala jina hilo halihusu volkano. Lakini ndani ya mawe ya safu hiyo imefichwa habari ya kale sana, na habari hiyo inahusu kuzama kwa bahari.

Kuanzia Arabia, Sudan na Eritrea, kupitia Ethiopia, Kenya na Tanzania hadi Msumbiji, kuna ukanda mrefu wa miamba iliyokunjwa na kupikwa. Upande wa kaskazini, katika Sudan, Eritrea na Arabia, bado yanaonekana mabaki ya matao ya volkano yenye umri wa zaidi ya miaka milioni 700, pamoja na vipande vya sakafu ya bahari vilivyobanwa katikati yake. Bahari iliyokuwapo hapo ilizama na kufungwa. Mabara yaligongana, na kwa migongano hiyo ikaungana nchi kubwa ambayo wanasayansi huiita Gondwana. Huku kwetu, miamba ya Pare, Usambara na Uluguru ilipikwa katika joto la nyuzi 800 hivi za Selsiasi, kwenye kina cha zaidi ya kilomita 30. Leo mkulima wa Lushoto analima juu ya mawe ambayo zamani yalikuwa chini kiasi hicho. Vyote vilivyokuwa juu yake vimekwanguliwa na mvua, mito na mapasuko ya ardhi.

Usagara nako kuna jiwe liitwalo eklogaiti. Hilo hutokea pale mwamba wa namna ya ule wa sakafu ya bahari unaposhushwa chini sana na kubanwa kwa nguvu kubwa. Umri wake uliochapishwa mwaka 1995 ni karibu miaka bilioni 2. Maana yake ni kwamba tayari wakati huo, katika nchi tunayoiita Tanzania, bamba lilikuwa likizama chini ya bamba.

Saa mbili ndani ya chembe moja

Mtu ana haki ya kuuliza: mmejuaje? Hakuna aliyekuwapo. Swali hilo ni jema, na jibu lake linastahili kuelezwa kwa utaratibu, maana wengi hulikataa jibu bila kulisikia.

Mwamba wa moto unapopoa, ndani yake hujijenga chembe ngumu sana za madini yaitwayo zirkoni, mara nyingi ndogo kama punje ya mchanga laini. Zirkoni inapojijenga hukaribisha ndani yake atomu za urani, ile urani ambayo Watanzania wameisikia ikitajwa huko Namtumbo. Lakini huikataa risasi, yaani madini yale mazito ya kijivu. Hayaenei katika umbo lake. Kwa hiyo chembe ikizaliwa ina urani, na risasi ni kama haimo.

Urani haidumu milele. Atomu zake hubadilika moja moja, hatua kwa hatua, na mwishowe huwa risasi. Mwendo wa mabadiliko hayo hupimwa maabara, wala haubadilishwi na joto la tanuri wala uzito wa mlima. Mtu akihesabu urani iliyobaki na risasi iliyozaliwa ndani ya chembe, anajua ni muda gani umepita tangu chembe hiyo ijijenge.

Jambo ambalo sisi tulio watu wa Maandiko tungepaswa kulipenda zaidi ni hili: ndani ya chembe hiyohiyo zimo saa mbili. Ziko aina mbili za urani. Moja hupungua hadi nusu kwa miaka bilioni 4.47, na huzaa aina moja ya risasi. Nyingine hupungua hadi nusu kwa miaka milioni 704, na huzaa risasi ya aina nyingine. Kila saa ina mwendo wake. Zikitoa jibu moja, mpimaji ana sababu ya kuliamini. Zisipopatana, anajua kwamba chembe hiyo imeguswa baada ya kuzaliwa, labda imepashwa moto tena na kupoteza risasi, naye hulazimika kuchunguza zaidi kabla ya kusema neno.

Torati inasema neno lithibitike kwa mashahidi wawili au watatu (Kumbukumbu la Torati 19:15). Tukiwa wazee wa baraza tunaosuluhisha shauri la shamba, tungefurahi kupata mashahidi wawili wasiojuana wanaosema jambo moja. Zirkoni hutupatia hao. Na mpimaji mwaminifu haishii hapo. Hupima chembe nyingi, na mbele ya umri huandika kiasi ambacho huenda amekosea, zaidi au pungufu. Ni wachache wetu tunaohubiri kwa unyenyekevu wa namna hiyo.

Vijana wetu wasidhani kazi hii ni ya wageni peke yao. Mwaka 1994 Profesa Sospeter Muhongo wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, pamoja na mwenzake, alichapisha umri wa zirkoni kutoka katika miamba ya Tanzania iliyopikwa namna hiyo.

Hesabu za baba zetu

Wapo watakaosema kwamba tunawadharau baba zetu wa imani, maana wao waliihesabu miaka ya dunia kutoka katika Biblia. Hatuwadharau. Martin Luther mwenyewe alichapisha mwaka 1541 jedwali la miaka ya ulimwengu, na kwa hesabu yake ulimwengu wa siku zake ulikuwa na miaka 5,500 hivi. Mwaka 1650 James Ussher, Askofu Mkuu wa Armagh huko Ireland, alichapisha hesabu yake iliyouweka uumbaji katika mwaka 4004 kabla ya Kristo. Walikuwa wasomi wakubwa. Walitumia kila ushahidi waliokuwa nao: vizazi vya Biblia, historia za Wagiriki na Warumi, na mahesabu ya nyota. Hawakuficha ushahidi wowote. Saa iliyo ndani ya zirkoni ilikuwa haijajulikana, maana hata urani yenyewe haikutambuliwa mpaka mwaka 1789.

Baadaye mwaka huo wa 4004 ulichapishwa pembeni mwa kurasa za Biblia nyingi za Kiingereza. Mtoto mmoja wa Uingereza, Arthur Holmes, aliyezaliwa mwaka 1890 katika familia ya Wamethodisti, aliuona katika Biblia ya wazazi wake, na akili yake ikashikwa na swali la umri wa dunia. Mwaka 1911 alichapisha kipimo cha umri wa mwamba kwa njia ya urani na risasi: miaka milioni 370. Mwaka huohuo alikwenda Msumbiji kutafuta madini, akaugua malaria vibaya sana. Ni Holmes huyo ambaye mwaka 1951 aliutofautisha ule ukanda wa miamba ya kale tuliousema, nao tangu hapo ukaitwa Ukanda wa Msumbiji. Na ni yeye aliyekuwa miongoni mwa watu wa kwanza kueleza kwamba mwamba wa moto ulio chini ya ganda la dunia huzunguka polepole na kuyabeba mabara.

Tunakitaja kisa hiki kwa sababu kinaonyesha jinsi swali linavyoweza kuanzia pembeni mwa Biblia. Swali la mtoto yule lingeweza kuzimwa kwa kofi au kwa karipio. Tujiulize ni maswali mangapi ya watoto wetu tumeyazima hivyo katika darasa la kipaimara.

Shahidi aulizwe alichokiona

Sasa turudi kwa mashahidi. Mtu akiuliza, "Milima ya Pare ina umri gani?" jibu la haki haliwi moja. Kuna siku mwamba wenyewe ulipozaliwa kutoka katika uji wa moto. Kuna siku ulipopikwa chini sana ya ardhi, ile ya miaka milioni 640 hivi. Na kuna wakati ardhi ilipopasuka na kuinua vitalu tunavyoviona leo kutoka barabara ya Same kwenda Moshi, na huo ni wa karibu zaidi kwa mamilioni mengi ya miaka. Upande wa magharibi wa ukanda huo kuna mawe ambayo asili yake ni zaidi ya miaka bilioni 2.5, ingawa yalipikwa upya katika migongano ile ya baadaye. Zirkoni nyingine huweza kuonyesha mambo hayo yote katika chembe moja: kiini cha kale katikati, na kuizunguka, tabaka jipya lililoota wakati wa kupikwa, kama mti unavyoongeza pete. Ukipima kiini, umepima kuzaliwa. Ukipima tabaka la nje, umepima kupikwa. Ukivichanganya, unapata tarehe ambayo hakuna kilichotokea.

Hii ni hekima ya baraza lolote la wazee: shahidi huulizwa alichokiona, wala halazimishwi kusema ambacho hakukiona. Jirani aliyeona ng'ombe akipita usiku anaweza kusema habari za ng'ombe. Ukimlazimisha aseme na jina la mwizi, umemfanya shahidi wa uongo, na kosa ni lako uliyeuliza.

Biblia nayo ni shahidi, na kwetu ni shahidi aliye juu ya wote. Lakini ni shahidi wa nini? Sura ya kwanza ya Mwanzo inashuhudia kwamba vyote vimetoka kwa Mungu mmoja, kwa neno lake, kwamba ni vyema, kwamba jua na mwezi si miungu, na kwamba mwanadamu amebeba mfano wa Muumba. Hakuna zirkoni iwezayo kusema lolote kati ya hayo. Maabara haina kipimo cha wema wa uumbaji. Na jambo la kutazamwa ni kwamba Luther, ambaye alikuwa na jedwali lake la miaka, hakuliweka jedwali hilo katika Katekisimu Ndogo. Anapoeleza kifungu cha kwanza cha Imani haanzi na tarehe. Anaanza na mimi: kwamba Mungu ameniumba mimi pamoja na viumbe vyote, akanipa mwili na roho, macho na masikio, tena akili na fahamu zote. Akili imetajwa humo pamoja na macho, kama zawadi za Mungu. Anayempa mtoto zawadi kisha akamkataza kuitumia si baba tunayemkiri katika Imani yetu.

Wapo wanaojibu kwamba Mungu aliziumba zirkoni hivi karibuni, na risasi tayari ndani yake, zionekane za kale. Hatuwezi kupinga kwamba Mungu ana uwezo. Lakini tuangalie jibu hilo linasema nini kuhusu Mungu. Linasema ameweka katika kila chembe mashahidi wawili wanaopatana, na wote wawili ni waongo. Sisi tunaomkiri Mungu asiyeweza kusema uongo (Tito 1:2) hatuwezi kumtetea kwa njia hiyo. Katika mabishano ya Heidelberg mwaka 1518 Luther alifundisha kwamba mwanatheolojia wa msalaba hukiita kitu jinsi kilivyo. Jiwe la kale, basi, tuliite la kale.

Jirani aliyeangukiwa

Tulisema uhusiano kati ya mawe na jirani ni wa karibu. Sasa tuuone.

Tarehe 26 Desemba 2004, siku ya pili ya Krismasi, sakafu ya bahari karibu na Sumatra ilikatika kwa urefu wa zaidi ya kilomita 1,000. Bamba moja huzama hapo chini ya jingine, na mahali palipokuwa pamekwama kwa muda mrefu pakafyatuka. Mawimbi yaliyofuata yaliua zaidi ya watu 220,000 kandokando ya Bahari ya Hindi. Yalifika Somalia, yakafika Kenya, na hata pwani ya Dar es Salaam watu walikufa. Wengi katika waliokufa walikuwa watoto.

Maafa ya namna hiyo yanapotokea, husikika miongoni mwetu sauti inayosema: watu wale walikuwa na dhambi fulani, Mungu amewaadhibu. Nyumba ikiangukiwa na kifusi, husemwa hivyohivyo. Tetemeko lilipoipiga Kagera tarehe 10 Septemba 2016 na kuua watu na kubomoa nyumba nyingi Bukoba, halikubagua nyumba ya msharika na ya asiye msharika. Tetemeko hilo lilitokana na kutanuka kwa ardhi yetu ya Bonde la Ufa, si na bamba la bahari kuzama, lakini aliyefiwa anachomwa na maneno yaleyale.

Hapo ndipo umri wa miamba unapokuwa jambo la amri ya nane. Eklogaiti ya Usagara inashuhudia kwamba mabamba yalizama miaka karibu bilioni 2 kabla ya mwanadamu yeyote kutenda dhambi. Matao ya Sudan na Arabia yanashuhudia kwamba ardhi ilitetemeka na milima ilitema moto mamia ya mamilioni ya miaka kabla kijiji chochote hakijajengwa. Kufyatuka kwa sakafu ya bahari hakukuanza kwa sababu ya wavuvi wa Aceh. Anayemwambia mama aliyepoteza watoto kwamba tetemeko lilikuja kwa ajili ya dhambi ya kijiji chake anamshuhudia jirani uongo, tena jirani aliyekufa, asiyeweza kujitetea. Luther anafundisha katika maelezo ya amri hiyo kwamba haitoshi kunyamaza; tunapaswa kumtetea jirani na kumnenea mema. Katika jambo hili mawe yanamtetea jirani wakati sisi wahubiri tunamshtaki.

Bwana wetu alitangulia kusema hivyo. Alipoulizwa habari za Wagalilaya waliouawa, yeye mwenyewe akataja na watu 18 walioangukiwa na mnara wa Siloamu, akakataa kwamba walikuwa wakosaji kuliko wengine waliokaa Yerusalemu (Luka 13:1-5). Kisha akawageukia waliokuwa hai na kuwaita watubu. Toba aliidai kwa wasikilizaji. Kwa marehemu hakutoa hukumu.

Bado linabaki swali gumu, wala hatutalizunguka. Ikiwa milima ilitema moto na viumbe vikafa kabla ya dhambi ya mwanadamu, tusemeje kuhusu Warumi 5, panaposema kwamba mauti iliingia kwa dhambi? Tunaona kwamba Paulo anazungumza pale habari za wanadamu, mauti yenye uchungu wake, mauti iliyo hukumu, nayo ameiweka mbele ya Kristo aliyeishinda. Volkano hakuulizwa habari zake, na tusimlazimishe kuzishuhudia. Lakini tunakiri kwamba kwa nini Mungu mwema alichagua kuijenga nchi kavu kwa njia inayotetemesha nyumba, hilo halijibiwi na hesabu za zirkoni, wala hatujalisoma likijibiwa mahali popote kwa namna ya kumfariji aliyefiwa. Ni kweli kwamba kuzama kwa mabamba kumejenga mabara tunayokaa, na kwamba migongano ile ya kale imeacha vito wanavyovichimba ndugu zetu wa Mererani. Mambo hayo tunaweza kuyasema darasani. Kwenye matanga tusiyaseme. Pale tuna msalaba wa Yesu tu, ambapo Mungu mwenyewe aliingia chini ya uzito wa dunia hii, na injili ya Mathayo inasema nchi ilitetemeka na miamba ikapasuka alipokufa.

Paulo anaandika pia kwamba viumbe vyote vinaugua pamoja, navyo vina utungu (Warumi 8:22). Hapo limerudi lile neno la uzazi tulilolikuta katika zaburi. Hatudai kwamba Paulo aliyajua mabamba ya dunia. Tunasema tu kwamba mtu aliyeisoma historia ya miamba yetu, jinsi ilivyoyeyushwa, ikazamishwa, ikapikwa na kuinuliwa tena, hatapata shida kuelewa neno utungu.

Tufanye nini

Wazazi, mtoto akirudi na swali la umri wa milima, msimwogope. Mwambieni kwamba Mungu tunayemwabudu alikuwapo kabla milima haijazaliwa, na kwamba miaka milioni 640 haimzeeshi. Mwulizeni amejifunza nini, mkae msikilize mpaka mwisho.

Walimu wa kipaimara, msifanye miaka 6,000 kuwa kifungu cha nne cha Imani. Imani ina vifungu vitatu, na hakuna kilichotaja idadi ya miaka. Tukiwabebesha vijana mzigo ambao Katekisimu haikuwabebesha, wakauangusha chuoni, tusiseme wameiacha imani. Huenda wameuacha mzigo wetu.

Vijana mlio vyuoni, pimeni kwa uaminifu na mseme mlichokiona. Lakini na ninyi msimlazimishe shahidi. Anayesema kwamba kwa kuwa dunia ni ya kale basi hakuna Mungu, au kwa kuwa mwanadamu amekuja jana basi hana thamani, anaitia zirkoni maneno mdomoni. Ayubu 28 inawasifu wachimbaji wanaoingia gizani na kuipindua milima toka misingi yake, kisha inauliza hekima itapatikana wapi. Swali hilo huulizwa baada ya kuchimba, na aliyechimba ana haki ya kuliuliza kuliko aliyebaki nje.

Na sisi wachungaji, tutakaposimama tena mbele ya jeneza la mtu aliyeuawa na tetemeko, mafuriko au maporomoko, tukumbuke amri ya nane kabla ya kufungua kinywa. Tumseme marehemu kwa haki, tulie na waliao, na tumwachie Mungu hukumu iliyo yake.